Gari Limekufa, Bei Yake Apange Nani?

Hoja iliyo mezani ni fupi. Kampuni ya bima ikishatamka kwamba gari lako halitengenezeki, bei wanayokutajia ndiyo bei, au mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza?

Nimewaketisha watu watano kwenye kijiwe cha kahawa upande wa Wazo, juu kidogo ya Tegeta, mahali ambapo malori ya saruji na kokoto hayakomi kupita tangu alfajiri. Watu wenyewe nimewabuni, na sikuwapa majina, nimewapa kazi tu. Yupo Mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu, ambaye ndiye mwenye gari. Yupo Wakala wa bima, kijana aliyemuuzia bima hiyo. Yupo Fundi wa gereji ya njia ya Madale. Yupo Mwanasheria, dada aliyepanga nyumba ya jirani. Na yupo Mzee, mstaafu aliyeanza kazi enzi ambazo bima nchini ilikuwa na mlango mmoja. Maneno yao sikuhangaika sana kuyatunga. Kaa kwenye kijiwe chochote cha Barabara ya Bagamoyo, hasa tangu ujenzi wa njia ya mwendokasi awamu ya nne ulipoanza kuyabananisha magari, utayasikia yote.

Kisa ni hiki. Toyota IST ya Mwalimu ilibanwa na lori la kokoto pale Tegeta Kibaoni, asubuhi ya mvua. Mwalimu alitoka mzima, gari ndilo halikutoka. Lilikuwa na bima kubwa, na kwenye mkataba thamani yake imeandikwa 14,000,000. Mkadiriaji wa hasara amelikagua, akasema kabla ya ajali lilikuwa la 11,000,000. Mkataba unamtaka Mwalimu abebe mwenyewe 500,000 ya kwanza. Kwa hiyo kampuni iko tayari kumpa 10,500,000 na kuyachukua mabaki. Akitaka kubaki na mabaki, yamehesabiwa 2,800,000, atapokea 7,700,000. Hesabu hizi ni za mfano, lakini dalali yeyote wa magari wa Dar es Salaam akizisoma hatashtuka.

MWALIMU: Naanza mimi, maana ndiye ninayepanda bodaboda kwenda kazini. Miaka mitatu nimelipia bima ya gari la milioni 14. Asilimia tatu na nusu ni 490,000, weka VAT ya asilimia 18, inakuwa 578,200 kila mwaka. Hakuna mwaka ambao mtu alinipigia simu akasema, Mwalimu, gari limezeeka, tupunguze. Leo limegongwa ndiyo wananifundisha uchakavu. Huo uchakavu ulikuwa umejificha wapi wakati wa kupokea hela?

WAKALA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba. Haya, jibu.

WAKALA: Ile thamani tuliyoandika ni dari, siyo ahadi. Maana yake kampuni haitalipa zaidi ya hapo, hata gari lingekuwa na matairi ya dhahabu. Bima inakurudisha ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, haikuongezei. Tukilipa milioni 14 kwa gari la milioni 11, Mwalimu, nakuhakikishia mwezi ujao kuna magari yataanza kutumbukia mtaroni yenyewe kuanzia Boko mpaka Kunduchi.

FUNDI: Mengine yanatumbukia hata sasa hivi.

WAKALA: Na wewe ndiye unayeyanyoosha, kwa hiyo usicheke.

MZEE: Msikimbilie kutupiana maneno. Mimi nakumbuka tulikotoka. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967 bima yote ikaingizwa mikononi mwa serikali, na kwa miaka karibu thelathini ukigongwa ulikuwa na dirisha moja tu la kwenda kulia. Hukuwa unabishana bei. Ulikuwa unasubiri. Sheria ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua milango kwa kampuni binafsi, na Sheria ya Bima ya 2009 ikaja na TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, yenye meno. Kwa hiyo kijana wetu hapa ana washindani kibao. Hicho ni kitu cha kutumia. Akikudharau leo, mwakani humwoni.

Niingilie kidogo. Bima ya Uingereza, ambayo sheria zetu zimerithi lugha na kanuni zake nyingi, ilikulia dukani kwa muuza kahawa: Edward Lloyd, London, mwishoni mwa karne ya 17, ambako wenye meli na wenye fedha walikutana na kubishana ni kiasi gani kilipwe kwa meli itakayozama. Kubishana bei ya bima mbele ya kikombe cha kahawa, kwa hiyo, hakukuanza Wazo, wala si utovu wa adabu. Tofauti ni kwamba wale walibishana kabla meli haijang'oa nanga. Sisi tunaanza ikiwa imeshazama.

FUNDI: Mimi nina swali kwa Wakala. Huyo mkadiriaji milioni 11 kaitoa wapi?

WAKALA: Kuna utaratibu. Anaangalia mwaka wa kutengenezwa, kilomita, hali ya gari, anapunguza asilimia kadhaa kwa kila mwaka.

FUNDI: Ndipo mnapokosea. Gari la Dar es Salaam halishuki bei kwa kalenda. Hapa gari linafuata bandari. IST ya 2004 ukiiagiza leo Japan, ikishuka tu pale kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, halafu kuna ushuru mwingine wa uzee, asilimia 30, kwa sababu gari lina zaidi ya miaka kumi. Juu ya yote hayo weka VAT. Sasa mtu wa yadi atakuuzia gari hilo rahisi kwa sababu limezeeka? Uzee wenyewe ndio uliolipandisha! Na dola nayo. Mwaka 2024 ilipovuka shilingi 2,600, yadi zote ziliongeza bei. Ilipoteremka baadaye, nionyesheni yadi iliyorudisha.

MWALIMU: Nimepita mwenyewe. Kuanzia Mwenge mpaka Sinza. IST ya mwaka ule ule, rangi tu tofauti, wanaanzia milioni 15. Ukibembeleza sana, 13 na nusu.

WAKALA: Hiyo ni gari iliyotoka kushuka, Mwalimu, haijawahi kuiona barabara ya vumbi ya Mivumoni. Yako ina miaka mitatu ya mashimo.

FUNDI: Hapo ana pointi. Busha zilikuwa zimekwisha, nilimwambia.

MWALIMU: Fundi, wewe uko upande gani?

FUNDI: Niko upande wa gari.

Nadhani Fundi ameshika shina la jambo. Jedwali la uchakavu lilitungwa kwa ajili ya nchi ambako gari linaanza kushuka thamani siku linapotoka dukani likiwa jipya, likaendelea kushuka hadi linapokuwa chuma. Soko letu limejengwa kwa magari yaliyokwisha kuzeeka kwingine. Kenya wamezuia kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Sisi hatukuzuia, tumelitoza kodi. Matokeo yake, IST ya miaka ishirini inaweza kukaa na bei ile ile miaka mitatu mfululizo, na ikitokea shilingi imeyumba inapanda. Mkadiriaji anayekaa ofisini na kukata asilimia kumi kila mwaka hapimi bei ya soko. Anapima bei ambayo ingekuwepo kama Dar es Salaam ingekuwa mji mwingine. Sisemi kwamba wote hufanya hivyo. Nasema kwamba hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza, na wengi wetu hatuulizi.

MWANASHERIA: Na swali hilo haliulizwi kwa simu. Samahani, nilikuwa nawasikiliza tu. Mwalimu, una ripoti ya mkadiriaji?

MWALIMU: Nilisomewa.

MWANASHERIA: Kusomewa siyo kuwa nayo. Andika barua, omba nakala. Ukiipata, angalia vitu vitatu tu: magari aliyolinganisha nayo, kilomita alizoandika, na hali ya gari kabla ya ajali. Nimewahi kuona ripoti ina kilomita za gari la mtu mwingine. Halafu na wewe ulete ushahidi wako. Profoma za yadi, zenye mhuri, tarehe, mwaka wa gari na kilomita. Siyo picha za matangazo ya kwenye simu, maana yale kila mtu anajua ni bei ya kuota ndoto. Leta risiti za matengenezo. Kama ulibadilisha gia boksi mwaka jana, risiti ipo?

MWALIMU: Ipo. Fundi alinipa.

FUNDI: Nilikupa karatasi.

MWANASHERIA: Karatasi ya daftari?

FUNDI: Ina saini yangu, dada.

MWANASHERIA: Haya, italetwa. Bora hiyo kuliko maneno. La pili, na hili ndilo linalowaua watu: usisaini hati ya kukubali malipo kwa sababu umechoka. Kwenye hati hiyo kuna mstari unaosema malipo haya ni kamili na ya mwisho. Ukishausaini, kurudi nyuma ni kazi ngumu mno. Wakikwambia saini kwanza tutaongea baadaye, baadaye hiyo haipo.

WAKALA: Dada, unatufanya tuonekane wezi.

MWANASHERIA: Hapana. Nawafanya muonekane wafanyabiashara. Na mfanyabiashara hatukani mtu akiambiwa punguza au ongeza.

MZEE: Sasa wakikataa kabisa?

MWANASHERIA: Kwanza unalalamika kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, unataja kiasi unachodai na sababu. Kwa sababu ukienda mbele utaulizwa: wenyewe uliwaambia? Wakigoma au wakikaa kimya, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo imewekwa na Sheria ya 2009 kwa ajili ya mtu kama Mwalimu, ambaye hana hela ya kumlipa mtu kama mimi. Kuna TIRA pia. Mahakama iwe ya mwisho kabisa, siyo kwa sababu haki haipo huko, ila kwa sababu tofauti ya milioni mbili inaweza kuliwa na nauli na muda.

MWALIMU: Na gari je? Limelala yadi, na kila siku linahesabiwa pesa ya maegesho.

MWANASHERIA: Hilo nalo liweke kwenye barua. Uliza nani analipia maegesho tangu siku waliyosema ni hasara kamili. Wakikaa kimya wiki mbili, halafu gharama hizo wakakukata wewe, hapo wanakusukuma usaini.

Hapa namwacha Mwalimu kidogo nimgeukie msomaji, kwa sababu kuna upande wa mambo ambao Mwalimu haukumhusu na wewe huenda unakuhusu. Mwalimu aliandika thamani kubwa. Wengi wa wakazi wa huku tunafanya kinyume. Gari ni la milioni 14, mtu anaandika 7 ili alipie bima nusu, anatoka pale anajiona mjanja. Gari likifa kabisa, dari ni 7, hakuna cha kubishana. Likiumia kidogo, matengenezo ya milioni 4, anaweza kukuta kifungu kinachosema: ulilipia nusu ya gari, basi tunalipa nusu ya hasara, milioni 2. Analia kwamba ameibiwa. Hakuibiwa.

Lakini hebu yaweke mawili hayo pamoja, uone jinsi yalivyokaa. Ukiandika thamani ndogo kuliko soko, kampuni inashika kilichoandikwa. Ukiandika kubwa kuliko soko, kampuni inaachana na kilichoandikwa na kushika soko. Mizani hii inainamia upande mmoja tu, na anayeishika ni yule yule anayelipa. Kanuni ya fidia ni ya haki kabisa. Sitaki mtu atajirike kwa ajali. Ila kanuni hiyo ingekuwa na haki zaidi kama ingefanya kazi siku mbili, siku ya kulipwa na siku ya kulipia.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema, kama gari ni la milioni 11, basi nilikuwa nalipia milioni 3 za hewa. Warudishe.

WAKALA: Haijawahi kutokea, Mwalimu.

MWANASHERIA: Imetokea kwa meli.

WAKALA: Meli?

MWANASHERIA: Sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya mwaka 1906. Inasema wazi: mtu akikata bima ya thamani iliyozidi, na thamani hiyo haikukubaliwa na pande zote mwanzoni, sehemu ya malipo inayolingana na ziada hiyo inarudishwa. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, watu wa meli walishaona kwamba huwezi kupokea kwa 14 na kulipa kwa 11 ukajiita mwadilifu.

WAKALA: Lakini IST siyo meli, na Tegeta siyo London. Sheria hiyo haimhusu.

MWANASHERIA: Haimhusu, na mimi simwambii aende nayo mahakamani. Namwambia aitie kwenye barua kama hoja. Asilimia tatu na nusu ya milioni 3 ni 105,000. Na VAT, 123,900. Mara miaka mitatu, 371,700.

WAKALA: Hapo umepiga chuku. Mwaka wa kwanza gari lilikuwa la milioni 14 kweli, alilinunua bei hiyo. Kama limeshuka, limeshuka taratibu. Ziada ya mwaka wa kwanza ni sifuri.

Wakala ana haki hapa, na Mwanasheria alinyamaza akanywa kahawa. Hesabu ya haki ingekuwa ndogo kuliko hiyo. Lakini angalieni alichokisema kijana bila kukusudia: gari lilikuwa la milioni 14 kweli. Amekubali bei ya kuanzia. Na kama Fundi anasema kweli kuhusu bandari, basi ni juu ya kampuni kuonyesha zile milioni tatu ziliteremka lini na kwenye yadi ipi. Mwalimu, ambaye kwa miaka mingi amesahihisha mitihani, aliliona hilo kabla yangu.

MWALIMU: Umesema lilikuwa la 14. Nioneshe mwanafunzi alivyopata 11. Sitaki jibu tu, nataka njia.

MZEE: (anacheka) Maksi ziko kwenye njia.

FUNDI: Tuongee mabaki. Mimi kwenye mabaki ndiyo nina la kusema.

MWANASHERIA: Tunajua una la kusema. Una maslahi.

FUNDI: Sifichi. Injini ya lile gari haikuguswa. Gia boksi nzima, na kama kweli ilibadilishwa mwaka jana, ni mali. Milango minne, miwili ya nyuma haina mkwaruzo. Viti, dashibodi, rimu tatu. Peleka Shaurimoyo pale Ilala, kila kipande kina mtu wake. Wao wameandika 2,800,000. Mimi leo nampa Mwalimu 3,600,000 mkononi.

WAKALA: Kwa nini hukusema hivyo mkadiriaji alipopiga simu kutafuta bei ya mabaki?

FUNDI: Hakunipigia mimi. Kampigia rafiki yake.

Kijiwe kilichangamka hapo, na kwa muda mfupi kila mtu alisema lake kuhusu marafiki wa wakadiriaji. Nimeyakata, kwa sababu mengi yalikuwa ya kusikia. Linalobaki ni hesabu, nayo ni nzuri kuliko udaku. Mwalimu akiiachia kampuni mabaki, anapata 10,500,000. Akibaki nayo anapokea 7,700,000, akimuuzia Fundi kwa 3,600,000, jumla 11,300,000. Laki nane zimepatikana bila kubishana na mtu kuhusu thamani ya gari. Wenye gari wengi hupigana usiku na mchana na namba ya juu, hiyo 11 au 14, wakaisahau namba ya chini. Bei ya mabaki ni makadirio kama yalivyo makadirio mengine, na tena ni rahisi zaidi kuyapima: tafuta mtu mwenye fedha anayeyataka.

MZEE: Nikuulize, Fundi. Ukishayanunua, kadi ya gari unamwachia nani?

FUNDI: Kadi inakuja na gari.

MZEE: Na jina kwenye kadi?

FUNDI: Hilo tutabadilisha baadaye.

MZEE: Mwalimu, simama hapo hapo. Gari lililokufa Tegeta linaweza kufufuka Morogoro. Watu hawanunui injini tu, wananunua kadi na namba. Linatafutwa gari lingine la rangi hiyo, linaibwa, linavishwa namba zako, linatembea. Faini za trafiki zinakuja kwenye jina lako. Siku likigonga mtu, polisi wanagonga mlango wako, na wewe unasema gari langu lilikufa zamani. Wapi umeandika?

FUNDI: Mzee, unaniona mimi mwizi?

MZEE: Wewe sikuoni hivyo. Namwona mtu wa tatu atakayenunua kwako.

MWANASHERIA: Mzee yuko sahihi, na jawabu lake siyo gumu. Ukibaki na mabaki, nenda TRA uombe usajili ufutwe, gari liuzwe kama spea, bila kadi. Kama mnunuzi anataka kulifufua kihalali, umiliki ubadilishwe kabla halijaondoka yadi, siyo baadaye. Na mkataba wa mauziano uandikwe, tarehe na hali ya gari. Gharama za kuyafanya hayo ziondoe kwenye zile laki nane ndipo uone kama bado zinakufaa.

FUNDI: Bila kadi bei inashuka.

MWALIMU: Inashuka mpaka wapi?

FUNDI: Milioni 3 na laki moja.

Msomaji ameona. Ile laki tano iliyoanguka ghafla ilikuwa bei ya kadi, yaani bei ya jina la Mwalimu. Mabaki yenyewe bila jina lake ni 3,100,000, laki tatu tu juu ya makadirio ya kampuni. Mkadiriaji, kwa hili, hakuwa mbali na kweli. Imebidi niseme hivyo ingawa nilikuja hapa nikiwa upande wa Mwalimu, na bado niko.

MWALIMU: Kuna hii 500,000 wanayonikata. Lori ndilo lililonigonga. Kwa nini nichangie mimi?

WAKALA: Hiyo iko kwenye mkataba, kila hasara unaanza wewe.

MWANASHERIA: Iko, lakini haikuishia hapo. Kampuni ikishakulipa inachukua nafasi yako, inamfuata mwenye lori na bima yake. Ile laki tano ni hasara yako wewe, nayo inadaiwa huko huko. Waambie kwenye barua hiyo hiyo waidai pamoja na ya kwao, wakupe jibu. Ila usijipe matumaini makubwa mno. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ile inayotulazimisha wote kuwa na bima ndogo, imejali zaidi vifo na majeraha. Mali yako kulipwa kunategemea mkataba wa mwenye lori unasemaje. Ndiyo maana ripoti ya trafiki na ramani ya ajali ni muhimu, zinaonyesha kosa lilikuwa la nani. Unazo?

MWALIMU: Hizo ninazo. Nilizifuatilia mpaka viatu vikaisha.

Limebaki jambo ambalo ningependa lingekuwa la kwanza, na hakuna aliyelileta mpaka Mzee alipokuwa anatafuta fimbo yake aondoke.

MZEE: Mnabishana na maiti. Kwa nini bei haikukubaliwa gari likiwa hai? Nairobi, kampuni nyingi hazikupi bima kubwa mpaka gari limepita kwa mthamini. Ripoti inawekwa kwenye faili. Likifa, faili linafunguliwa.

WAKALA: Hata hapa inawezekana, Mzee. Kuna mikataba ya thamani ya makubaliano. Mteja na kampuni wanakubaliana mwanzoni, na likifa kabisa hakuna kurudi kupima.

MWALIMU: Na hukuniambia!

WAKALA: Mwalimu, nisamehe, ila tuseme ukweli. Ulikuja Desemba, stika inaisha kesho, ulinikuta na foleni ya watu. Uliniuliza swali moja tu: itakuwa shilingi ngapi? Nikakuuliza gari la bei gani, ukasema 14, nikaandika 14. Ningekwambia lete gari likaguliwe, ulipie mthamini, urudi wiki ijayo, ungekwenda kwa wakala wa ng'ambo ya barabara.

Hakumjibu. Sidhani kama kuna jibu. Kampuni inapenda bima iuzike kwa dakika tano, mteja anapenda inunulike kwa dakika tano, na wakala anaishi kwa kamisheni ya hizo dakika tano. Ile namba inayokuja kugombewa kwa miezi iliandikwa na mtu aliyekuwa amesimama, kwa kubahatisha, ili stika itoke. Stika zenyewe siku hizi ni za kielektroniki, trafiki anaihakiki papo hapo kwenye simu yake. Anahakiki kwamba ipo. Hakuna anayehakiki kama namba iliyomo ndani ina maana.

Ningekuwa na mamlaka, ningeitaka kampuni ichague moja. Ama ilikague gari siku ya kupokea fedha na isimamie bei hiyo mwaka mzima, ama ikikataa kukagua, basi bei ya mteja ihesabiwe kuwa ndiyo, mpaka kampuni ithibitishe vingine kwa ushahidi wa yadi za hapa hapa mjini. Mzigo wa kuthibitisha umwangukie aliyenyamaza akipokea. Wakala alisema hiyo itapandisha malipo ya bima kwa wote, kwa sababu mthamini halipwi kwa hewa.

MWALIMU: Mthamini analipwa shilingi ngapi?

WAKALA: Inategemea. Lakini nani alipe? Ukilipa wewe utasema bima imepanda. Tukilipa sisi, gari dogo kama IST halitulipi, tunabaki na hasara kabla hata hujaondoka.

MWALIMU: Mlipe nyinyi. Mmenikalia miaka mitatu.

WAKALA: Na wa bima ya laki mbili na nusu naye tumlipie?

MZEE: Mgawane.

FUNDI: Au mtumie mafundi. Sisi tunajua gari kuliko mthamini.

MWANASHERIA: Wewe ungeandika milioni 20 ukipewa soda.

FUNDI: Soda haitoshi.

Wakati wanabishana hivyo Wakala alisogea pembeni na simu. Mwalimu alikuwa tayari ameshaandika kwenye karatasi ya daftari namba yake: 13,000,000 kabla ya kukata chochote. Profoma tatu. Risiti za matengenezo. Ombi la ripoti. Ombi la kudai 500,000 kwa mwenye lori. Maegesho yawe juu ya kampuni tangu siku ya tamko. Mwanasheria aliisoma, akafuta neno "unyang'anyi" lililokuwa limeandikwa mara mbili, akaiacha iliyobaki kama ilivyo.

WAKALA: Nimeongea na ofisi. Wamesema wanaweza kufika milioni 12. Ila wanataka jibu leo.

MZEE: Leo Ijumaa, saa kumi na nusu hii?

WAKALA: Ndiyo walivyosema, Mzee.

MWALIMU: Waambie nitawajibu Jumatatu. Na hiyo 12 waiandike.